Mwongozo wa mlezi: jinsi ya kumsaidia mtoto mwenye virusi vya HIV ameze dawa kila siku bila vita

Naandika hii kwa sababu maswali ni yaleyale kila wiki. Mtoto anatema dawa. Mtoto ameanza kuuliza mbona ni yeye peke yake anameza na ndugu zake hawamezi. Mtoto anabaki na nyanya na nyanya haoni maandishi ya mkebe. Kliniki wamesema virusi vimepanda na nyumbani dawa zilikuwa zinaisha vizuri tu kwa tarehe yake. Sasa badala ya kujibu mmoja mmoja usiku nimeamua nikae chini niweke kila kitu mahali pamoja. Kama umeanza juzi soma yote, kama uko na shida moja tu rukia kule mwisho.

Mimi si daktari, ni mlezi tu hapa Kisumu, nimelea mtoto kwa hizi dawa tangu enzi za ile siropu ya lopinavir, chungu kama nini, halafu ilitaka friji na wengi wetu huku Manyatta na Nyalenda friji tulikuwa tunaiona kwa duka. Mambo ya dozi na kubadilisha dawa ni ya kliniki, usibadilishe kitu ati kwa sababu umesoma hapa. Mimi naongea mambo ya nyumbani, kwa sababu nyumbani ndio dawa huharibikia.

Na hili niliseme mapema: watoto wengi ambao nimeona virusi vimewapanda si wakaidi. Ukifuatilia unapata hakuna mtu mzima mmoja mwenye hiyo kazi. Mama anadhani baba amempa, baba anadhani ni shangazi, shangazi anajua mtoto ni mkubwa sasa anajimezea, na huyo "mkubwa" ni wa miaka minane ambaye hata kupiga mswaki lazima akumbushwe. Dawa ni kazi ya mtu mzima mpaka mtoto aonyeshe ameiweza, na hiyo huja baadaye kuliko vile wengi wetu tunataka.

Maelezo ya kitaalamu ni haya tu: dawa haziondoi virusi mwilini, zinavizuia visizaane. Zikimezwa kila siku virusi vinapungua hadi mashine haivioni, hiyo ndio tunaita LDL, na mtoto anakua kama wengine, anasoma, anacheza mpira. Zikirukwa-rukwa virusi vinazoea dawa, na vikishazoea hivyo inabidi mtoto apewe nyingine, na za watoto si nyingi za kuchagua. Basi.

Habari nzuri ni kwamba siku hizi ni rahisi kuliko zamani. Kenya ilikuwa kati ya nchi za kwanza kupata dolutegravir ya watoto mwaka 2021, ile tembe ya miligramu 10 inayeyuka kwa maji na ina ladha ya stroberi, mara moja kwa siku, haihitaji friji.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Mtu mzima mmoja mwenye dawa, na wa pili wa kushika zamu huyo wa kwanza asipokuwepo.
- Dawa ndani ya mkebe wake wenyewe, na kifuniko chake, na kile kipakiti kidogo cha kukausha unyevu kiache humo ndani.
- Kikombe kidogo, kijiko cha chai, na maji yaliyochemshwa ama kutiwa dawa ya kusafisha maji.
- Simu yenye alamu. Kama simu ni ya kushindana na chaji, redio inatosha.
- Kalenda ya ukutani na kalamu iliyofungwa kwa kamba, kalamu isipofungwa watoto wataenda nayo shule.
- Kadi ya kliniki na namba ya mtu mmoja pale kliniki ambaye hushika simu, awe nesi, mshauri ama mama mentor (mama mwenye HIV anayesaidia wenzake).
- Nauli ya tarehe ijayo ya kliniki, imewekwa kando mapema. Dawa ni za bure kwa hospitali za serikali lakini boda si ya bure, na nimeona watu wakikosa kliniki kwa sababu ya shilingi mia.
- Mahali pa kuweka dawa: juu, pakavu, mbali na jiko, mbali na dirisha la jua, na pasipofikika na wadogo. Dawa yenye ladha tamu mtoto wa miaka miwili anaweza kuidhania peremende.

Hatua zenyewe

1. Taja mwenye dawa, kwa jina

Kaeni wale watu wazima mnaojua hali ya mtoto na mseme wazi: kuanzia leo mwenye dawa ni fulani. Asipokuwepo ni fulani. Huyo ndiye ataulizwa. Kama mtoto analelewa na nyanya ambaye macho yameanza kuchoka, usimwachie mkebe wenye maandishi madogo halafu utegemee miujiza. Chukua karatasi, chora kikombe na viduara vya idadi ya tembe, bandika ndani ya mlango wa kabati, halafu mwambie akuonyeshe yeye mwenyewe vile atafanya. Dani, yaani nyanya, anaweza hii kazi kuliko sisi wote, hasahau saa, shida yake ni maandishi tu.

2. Mtoto apimwe uzito na ujue dozi ya leo, si ya mwaka jana

Dozi ya mtoto inafuata kilo, na mtoto anakua. Kila ukienda kliniki hakikisha amepandishwa mizani na uulize, "bado ni tembe ngapi?" Kwa kawaida akifikisha kilo 20 anahamishiwa dolutegravir ya miligramu 50, na akifika kilo 30 wengi wanawekwa kwa ile tembe moja ya watu wazima yenye dawa tatu ndani, lakini hiyo uamuzi ni wa daktari.

Kabla hujatoka famasi rudia kwa mdomo vile umeelewa. Usione haya. Ukiambiwa tembe moja na nusu mwambie akuonyeshe kuigawa kwa ule mstari wake na ile nusu nyingine utaiwekaje.

Kosa la kawaida: watoto wawili nyumba moja wote wanatumia dawa, mama anawapa dozi sawa "ndio wasigombane". Kila mtoto na mkebe wake na dozi yake. Weka alama ya rangi kwa kifuniko.

3. Chagua saa ambayo inafanya kazi hata Jumapili

Saa nzuri ni ile mtoto na mwenye dawa wote wako nyumbani siku zote saba. Kama wewe hutoka saa kumi na moja asubuhi kwenda kununua omena ufuoni ama kupanga nyanya za kuuza soko la Kibuye, asubuhi si yako, usijidanganye. Mimi napenda saa moja jioni, habari zikianza kwa TV ya jirani kila mtu mtaani anasikia, hata ukisahau simu hutasahau hiyo. Saa tatu usiku ni mtego. Saa tatu mtoto amelala kwa kiti na uniform bado, na kumwamsha anywe dawa ni vita ambavyo utashinda leo na kesho utavikimbia.

Alamu usiiandike "ARV", yaani dawa za HIV. Andika chochote, "funga kuku", "maji ya moto", mradi wewe unajua.

4. Tengeneza dawa hivi (za kuyeyusha)

Osha mikono. Weka maji safi kwa kikombe, kama vijiko viwili hadi vinne vya chai, si zaidi. Tumbukiza tembe zake zote, ile ya abacavir na lamivudine inaweza kuyeyushwa pamoja na dolutegravir ya watoto kikombe kimoja. Zungusha kijiko polepole mpaka usione vipande. Mpe anywe hapohapo, isikae zaidi ya nusu saa.

Sasa angalia chini ya kikombe. Utaona unga umebaki umeshika pale pembeni. Huo ni dozi. Mimina maji kidogo tena, zungusha, anywe na hayo. Hii ndio hatua watu wengi wanairuka na wanashangaa.

Makosa hapa ni mengi kidogo:

- Kuweka dawa ndani ya bakuli zima la uji. Mtoto anakunywa nusu, anashiba, na sasa hujui amekula dozi ngapi, na ukizoea hivyo baadaye anauchukia hata uji.
- Kuyeyusha kwa chai moto. Maji ya kawaida tu.
- Kuponda tembe ambayo hukuambiwa uponde. Zingine, kama tembe za lopinavir, zikipondwa haziingii mwilini vile inafaa. Na kama mtoto wako bado yuko kwa lopinavir ya chembechembe, nyunyiza juu ya uji uliopoa, asizitafune. Ukiwa na shaka piga simu kwanza.
- Kupima kwa kijiko cha jirani kwa dawa ya maji. Siropu inapimwa kwa sirinji ya famasi peke yake.

5. Mtazame akimeza, halafu tia alama

Si kumpa na kurudi jikoni. Kaa naye. Akimaliza mwongeleshe, muulize kitu cha shule, mtoto mwenye dawa mdomoni hawezi kukupa hadithi. Halafu yeye mwenyewe aende atie alama kwa kalenda, watoto wanapenda hiyo kazi kushinda zawadi. Wageni wakiuliza hizo alama ni za nini, ni za kusoma ama za kuosha meno, mtapatana.

Zawadi si lazima iwe pesa. Usianze na biskuti kila siku maana siku biskuti itakosa na dawa itakosa. Na usimchape kwa sababu ya dawa, hata siku moja. Mtoto aliyechapwa haanzi kumeza, anajifunza kuficha.

6. Mfundishe kumeza tembe kabla hajahitaji

Watu wanangoja mpaka mtoto afike kilo 20, anapewa tembe nzima, inamkwama, analia, na wiki ya kwanza yote imeenda. Anza mapema, wakati wa chakula, mkiwa mnacheka. Mkalishe wima, kichwa mbele si kutazama dari. Punje moja ya wali juu ya ulimi, maji, meza bila kutafuna. Akizoea, kitonge kidogo cha ugali kama punje ya dengu. Halafu kama haragwe dogo. Dakika tano kwa siku, ukiona amechoka acha. Usitumie njugu, zinapalia.

7. Mwambie ukweli, kidogokidogo, kabla mtu mwingine hajamwambia

Hapa ndio penye kazi, na hapa ndio wengi wetu tunaweka mkono machoni.

Usimwambie ni dawa ya kifua. Kikohozi kitaisha, na atakuuliza mbona dawa haziishi, na utaongeza uongo mwingine. Watoto wanajua kusoma. Kwa benchi ya kliniki kuna mabango, mtoto wa gredi ya nne anakaa pale masaa mawili anasoma ukuta wote, anarudi nyumbani anasoma mkebe, anaandika lile jina kwa simu yako ukiwa unaoga. Ama anaambiwa na binamu wakigombania mpira. Wale waliojua hivyo ndio mara nyingi wanagoma dawa wakifika miaka kumi na mbili, na si dawa wanagomea, wanakugomea wewe.

Kadiri ya umri, fanya hivi:

Chini ya miaka mitano: "hii dawa inakusaidia usiwe mgonjwa mgonjwa." Inatosha kabisa.

Miaka mitano hadi saba: mwambie mwilini kuna askari wanaomlinda, na kuna kadudu kadogo kwa damu kanataka kuwapiga hao askari, dawa ndio inakazuia. Hakuna jina bado. Ongeza kitu kipya kila akiuliza.

Miaka minane kuendelea: anza kusogea kwa jina lenyewe, na afikapo kama miaka kumi awe ameshajua. Shirika la Afya Duniani pia linasema watoto wa umri wa shule waambiwe. Kwa kliniki kuna mshauri wa hiyo kazi, omba muifanye pamoja, na chagua siku isiyo na mtihani wala matanga.

Atauliza "nilitoa wapi?" Jitayarishe, usikimbie. Kama ulimzaa wewe unaweza kusema: "Nilikuwa nayo kwa mwili wangu bila kujua, ikakupata ukiwa mdogo sana. Si makosa yako, na sikutaka. Mimi pia nameza dawa kama wewe." Akina mama wengi wanaogopa mtoto atawachukia. Wengine hununa wiki, wengine huuliza tu kama wataoa, wengine wanarudi kucheza kama hawajasikia halafu maswali yanakuja siku tatu baadaye mkichambua mboga. Kama mzazi alifariki na wewe ni shangazi ama nyanya, usimseme vibaya marehemu mbele yake, hata kama uko na lako moyoni.

Na umweleze pia kwamba hii ni habari yake, si siri ya aibu, ila si ya kuambia kila mtu. Mpe majina ya watu ambao anaweza kuongea nao: wewe, nyanya, mshauri. Mtoto asiyekuwa na mtu wa kuongea naye anaongea na yeyote.

8. Panga shule

Shule ya kutwa: kama dozi ni moja jioni, hakuna haja ya mwalimu yeyote kujua. Usimwambie mtu kwa sababu tu unahisi unafaa kusema.

Bodingi ni hadithi nyingine. Chagua mtu mmoja pale, nesi wa shule ama matroni, umpime kwanza kwa mazungumzo ya kawaida uone kama ni mtu wa mdomo. Mpange dawa itakaa wapi, mtoto ataimezea wapi na saa ngapi, na saa hiyo isiwe ile kila mtu ako kwa dom. Omba kliniki impe dawa za kumaliza muhula na mpange tarehe zake ziangukie likizo, kama hali yake ni nzuri wengi wanakubali. Usimfungie tembe kwa bahasha bila jina ndani ya soksi. Siku ya ukaguzi wa masanduku zitamwagwa na atazikana mbele ya darasa.

Na ujue sheria iko upande wako: Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya 2006 hairuhusu shule kumnyima mtoto nafasi ama kumfukuza kwa sababu ya hali yake.

9. Nenda kliniki na ukweli wako

Peleka mtoto mwenyewe, si kadi peke yake. Peleka mikebe yote pamoja na tembe zilizobaki. Kuna mchezo wa kutupa zile za ziada usiku wa kuamkia kliniki ndio hesabu itoshee, na nakwambia hesabu itatoshea lakini damu haidanganyi. Watoto na vijana hupimwa kiwango cha virusi, ile vairo-lodi, kila miezi sita. Uliza majibu, yaandikwe kwa daftari lako, usingoje kuambiwa. Yakiwa juu utaitwa kwa vikao vya ushauri na damu itapimwa tena baada ya kama miezi mitatu ya kumeza vizuri. Hivyo vikao si adhabu. Sema tu ukweli, "wiki ya mazishi tuliruka siku nne", hapo wanaweza kukusaidia. Ukisema anameza zote, wataanza kufikiria dawa imeshindwa na mtoto anaweza kubadilishiwa bure.

Tangu 2025 misaada ya Marekani ilipokatwa, vituo vingi CCC (kliniki ya HIV) imeunganishwa na foleni ya kawaida na sura zile tulizozoea zingine hazipo. Uliza mapema siku ya watoto ni gani na mlango ni upi. Na kipindi kile watu waliingiwa na hofu wakaanza kugawana tembe na kumpa mtoto siku moja, kuruka siku moja, ili zifike mbali. Hiyo usifanye. Afadhali urudi kuuliza kila wiki.

10. Mwachie polepole, na uendelee kuchungulia

Kuanzia kama miaka kumi na mbili, baada ya kujua hali yake, anaweza kuanza kutoa dawa mwenyewe wewe ukitazama. Halafu anatoa mwenyewe, wewe unaangalia kalenda. Halafu unahesabu tembe mara moja kwa wiki, na anajua unahesabu. Akiyumba unarudi hatua moja nyuma bila kelele. Ulizia pia kikundi cha vijana, vituo vingi huku magharibi vina OTZ, yaani Operation Triple Zero, sifuri tatu: hakuna kukosa kliniki, hakuna kukosa dawa, hakuna virusi kuonekana. Kijana anaweza kukupuuza wewe miaka miwili halafu asikie kitu hichohicho kwa mwenzake wa Kondele mwenye viatu vizuri na akishike mara moja.

Ikikataa: shida zinazorudi kila wakati

Ametapika. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, rudia dozi. Ikipita hapo iache. Akitapika kila siku, kliniki, usingoje tarehe.

Tumesahau jana. Ukikumbuka siku hiyohiyo mpe. Kama saa ya dozi nyingine imekaribia, ruka hiyo uendelee na inayofuata. Usimpe mbili kwa pamoja kufidia.

Hakuna chakula leo. Dolutegravir, abacavir na lamivudine zinamezwa hata bila chakula. Mpe. Nimeona watu wakiruka dozi wakisubiri ugali. Kama njaa ni ya kila wiki mwambie CHP (mhudumu wa afya wa jamii) wa eneo lako ama mshauri, wanajua msaada uko wapi kuliko sisi.

Halali usiku tangu tubadilishiwe dawa. Dolutegravir inaweza kufanya hivyo kwa wengine. Uliza kliniki kuhusu kuihamishia asubuhi.

Nimekuta tembe chini ya godoro. Ama kwa shimo la choo, ama ndani ya mto. Usipige kelele. Muulize, "hii dawa inakusumbua wapi?" halafu unyamaze kweli, uache ajibu. Inaweza kuwa inamkwama, inaweza kuwa kuna mtu nyumbani amemcheka, inaweza kuwa amechoka kuwa tofauti. Rudi hatua ya 5, mtazame kila siku, na umpeleke kwa mshauri wiki hiyohiyo.

Mkebe unalia kama njuga kwa matatu. Hii inafukuza watu kliniki kuliko sindano. Jaza pamba safi juu ya tembe ndani ya mkebe, sauti inakufa. Usimwage dawa kwa karatasi ya nailoni, zinapata unyevu na jina na dozi vinabaki kwa mkebe uliotupa.

Amepewa dawa zingine. Kila ukipewa dawa yoyote taja kwamba mtoto anatumia ARV. Za kiungulia, za kuongeza damu na za kalsiamu zinaweza kuzuia dolutegravir isiingie mwilini, kuna masaa ya kutenganisha, utaambiwa. Akianza dawa za TB zenye rifampicin, dolutegravir kwa kawaida inatolewa mara mbili kwa siku, kwa hivyo kliniki ya TB na ya HIV lazima wajuane. Za kienyeji pia zitaje, hakuna atakayekula.

Upele na homa, kutapika sana, kupumua kwa shida, hasa wiki za kwanza za dawa yenye abacavir: hospitali siku hiyohiyo, na mkebe mkononi. Usisimamishe halafu uanze tena mwenyewe, abacavir ikiwa ndio ilileta shida kuirudia ni hatari.

Kanisani wamesema amepona. Kila krusedi ikipita tunapoteza watoto wawili watatu kwa foleni ya kliniki na wanarudi wamekonda. Ombea mtoto wako, na umpe dawa, hakuna mahali maombi yanagombana na kijiko cha maji. Mchungaji akisisitiza, mwambie mtapima damu kliniki kwanza. Na ukumbuke LDL si kupona, ni dawa inafanya kazi.

Baba ama mjomba amekataza dawa. Usipigane naye peke yako usiku. Omba mshauri ama CHP aje nyumbani kama mgeni wa kawaida. Ikiwa mtoto anaumia na hakuna anayesikia, namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure, na ofisi ya watoto ya serikali iko.

Tumeenda matanga ushago na dawa zimeisha. Ukisafiri beba za siku nyingi kuliko unavyopanga, matanga ya siku tatu Siaya yanageuka wiki mbili bila mtu kuamua. Zikiisha, nenda kituo chochote cha serikali kilicho karibu na kadi ama hata mkebe mtupu, wanahudumia wasafiri na watakupa za kukufikisha. Kama hata mkebe huna, piga ile namba ya mtu wako wa kliniki aongee nao, awatajie dawa na dozi. Na kama mnahama kabisa, chukua barua ya uhamisho kabla hamjapakia vitu kwa lori, kwa sababu kufuatilia faili ya mtoto kutoka Kisumu ukiwa Nakuru ni kazi ya mwezi mzima.